Jina la Kunong'onezwa

Mjini Wai, mji mdogo wa Kihindi kando ya mto, ukiuliza nyumba ya Mwalimu Kumud iko wapi, mtu atacheka kwanza ndipo akuelekeze. "Unakwenda kuuliza neno? Basi kunywa chai hapahapa, maana kule utachelewa kutoka."

Kumud Gondhalekar alifundisha Kisanskriti katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Hakuolewa. Aliposwa, tena zaidi ya mara moja, lakini baba yake aliugua miaka mingi na mama alikuwa ameshatangulia. Kuuguza kulipokwisha, wachumba nao walikuwa wamekwisha. Hakulinung'unikia jambo hilo. Alibaki katika vyumba vya mbele vya nyumba ya baba, mdogo wake Jayant akakaa vile vya nyuma na mkewe, na kati yao ukawa ua wenye mrehani uliopandwa juu ya kijiukuta. Kila asubuhi Kumud aliumwagilia maji mrehani ule, akauzunguka akisali, kisha akateremka ngazi za mtoni hadi kwenye hekalu la Ganapati, akarudi kunywa chai.

Ugonjwa wake ulikuwa maneno. Kwake yeye neno lilikuwa kama chombo cha shaba cha urithi: hakuweza kukipita bila kukigeuza aone jina la nani limechongwa chini. Mwenye duka akimpimia sukari, yeye alikuwa akisema, "Unajua, sukari hii jina lake la kale ni sharkara, na sharkara kwanza ilikuwa changarawe. Watu waliona zile punje, wakaona zinafanana na kokoto ndogo za mtoni."

"Mwalimu, tafadhali," mwenye duka alimjibu, "sema polepole. Wateja wakisikia changarawe nitafunga duka."

Jirani yake, Bi Anusuya, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kizingitini na kupekua habari za mtaa, alimtania kila siku. "Kumud, leo umelifufua neno gani?" Kumud alimjibu kwa upole kuwa hata jina lake Anusuya limeundwa vizuri sana: maana yake ni mwanamke asiye na kijicho, asiyechungulia makosa ya wenzake. Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu, na Bi Anusuya alicheka kuliko wote, kisha akaendelea kuchungulia.

Lakini watu walimjia. Mtoto akizaliwa, wazazi walikuja na majina matatu manne mdomoni wamuulize lipi lina maana gani. Aliwaketisha, akawapa maji, akaeleza. Girija ni aliyezaliwa na mlima, maana "giri" ni mlima, na hiyo "ja" ya mwisho ni kuzaliwa. Niraja ni aliyezaliwa majini, ndilo yungiyungi. Aliona raha kuona macho ya kina mama yakifunguka, kana kwamba mtoto ameongezewa zawadi palepale mapajani. Na aliamini, kwa imani ya mtu anayesali kila siku, kwamba jina analoitwa mtu tangu asubuhi mpaka usiku, maisha yake yote, ni kama dua. Mtu hawezi kuombewa jambo mara elfu na lisimguse.

Imani hiyo ndiyo iliyomtia matatani.

Miaka kumi na minne nyuma, Jayant alipooa, bibi harusi alikuja akiitwa Rupali. Nyumba nyingi za huko zilikuwa na desturi ya kumpa mke jina jipya siku ya harusi. Huletwa sinia lenye mchele, bwana harusi akachukua pete ya dhahabu na kuandika kwa ncha yake jina jipya ndani ya mchele, na tangu siku hiyo bibi huitwa hilo. Wengine walikwisha kuiacha desturi hiyo. Akina Gondhalekar hawakuiacha, na kazi ya kuchagua jina, nani angepewa kama si dada mtu, mwalimu wa Kisanskriti?

Kumud alichagua Vasudha: dunia, ile inayobeba hazina. Kama angeishia hapo, pengine lisingekuwa neno. Lakini mbele ya wakwe, sinia likiwa katikati, alitabasamu na kueleza: "Rupali ni jina zuri la kuimbia, lakini kwenye vitabu vya kale huwezi kulikuta. Ni la juzijuzi tu, la kwenye sinema." Alisema bila ubaya, kama anavyosahihisha daftari. Wageni walicheka kidogo. Bibi harusi naye alitabasamu, akiangalia mchele. Mama yake bibi harusi, aliyelichagua jina hilo, aliinuka akaenda kuangalia sufuria jikoni, na Kumud hakujiuliza kwa nini.

Tangu hapo akawa Vasudha. Jirani walimwita Vasudha, hata mwenye duka la maziwa. Jayant mwenyewe alimwita "we, sikia," kama waume wengi wa huko. Aliyebaki kumwita Rupali, na kwa mapenzi Rupa, alikuwa mama yake tu, na mama yake alifariki kabla hajapata kumwona mjukuu.

Maana mtoto alichelewa. Waliomba, walifunga, walikwenda kwa madaktari wa Satara na wa Pune, walizunguka mahekalu. Bi Anusuya alitoa ushauri ambao hakuombwa. Hatimaye, walipokuwa wameshakoma hata kuzungumza habari hiyo, Mungu akawapa binti, mwenye macho maangavu na nywele nyingi kama amevaa kofia.

Kumud alilia alipompakata. "Duhita," alisema. "Binti. Wazee walisema neno hili linatokana na kukamua, kwamba binti ndiye mkamuaji wa ng'ombe wa nyumbani. Wengine wakasema ni yule anayemkamua baba yake."

"Hao wengine ndio walionijua," Jayant alisema. "Hana hata wiki na tayari nimenunua susu, godoro, na njuga za miguu."

Siku ya kumpa mtoto jina ilikuwa ikikaribia, ile ya kumi na mbili. Siku hiyo mtu wa lazima ni shangazi, dada wa baba. Ndiye anayeinama ndani ya susu na kumnong'oneza mtoto jina lake sikioni, kabla ya mtu mwingine yeyote kulitamka. Na anapoinama, wanawake wote hummiminia ngumi za mgongo kwa mzaha mpaka anyanyuke. Kumud alikuwa ameingoja siku hiyo miaka kumi na minne. Alikwisha kuitoa sari yake ya hariri ya kijani, akaianika kivulini harufu ya sanduku itoke.

Jioni moja Jayant alikuja vyumba vya mbele akiwa na uso wa mtu aliyeficha peremende mfukoni.

"Dada, jina tumelipata. Safari hii hatukukusumbua."

"Heri! Niambie."

"Siku hizi wote wanaunganisha. Kidogo cha baba, kidogo cha mama. Mwenzangu wa dukani kafanya hivyo, binamu yetu wa Pune kafanya hivyo. Sasa sisi: 'Ru' ya Rupali, 'Ja' ya Jayant. Ruja! Zuri, sivyo? Na ni yeye mwenyewe aliyetaka 'Ru' ije mbele. Nikamwambia sawa, mimi nitakaa nyuma, ndivyo nilivyozoea."

Akacheka. Kumud aliligeuza lile neno. Kwa Kisanskriti, "ruj" ni kuvunja, na kutokana na kuvunja likaja kuuma. Ruja ni maumivu. Ruja ni maradhi. Waganga wa dawa za asili wanalitumia mpaka leo wakimpima mgonjwa: ruja yako iko wapi, begani au kiunoni?

"Mbona kimya? Hulipendi?"

"Koo limenikauka tu," Kumud alisema. "Hebu nipe maji."

Usiku ule na kesho yake chakula hakikumpita. Alijaribu kujiambia kuwa watu hawajui, na jina ni sauti tu. Lakini yeye alikuwa anajua, na kinywa kitakachomnong'oneza mtoto maradhi sikioni ni chake. Kisha akajaribu upande wa pili, kwenda moja kwa moja kusema. Hapo aliliona lile sinia la mchele. Aliona pia, baada ya miaka kumi na minne, yule mama akiinuka kwenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa motoni.

Bi Anusuya alimnasa mlangoni. "Umekonda ghafla. Wifi yako amekutukana?"

Kumud, ambaye hakuzoea kuficha, akamwambia yote.

"Nyamaza!" Bi Anusuya alisema, akiangalia huku na huku. "Nyamaza kama kisima. Mwanamke amezaa baada ya kukata tamaa, wewe unataka kumwambia ameita ugonjwa? Atakung'oa masikio. Jina langu mimi ni asiye na kijicho, na umeona lilivyonisaidia."

Kumud alicheka bila kutaka. Halafu akachuma majani ya durva anayoyapenda Ganapati, akateremka ngazi za mtoni. Hakuomba jina. Aliomba ulimi usiojeruhi, na kama lazima ujeruhi, basi Mungu amtangulie. Alikaa pale mpaka wafuaji nguo wakaondoka. Alipopanda ngazi alikuwa amekata shauri: atasema, lakini atasema kwa mama mtu, peke yake, na baada ya kusema hatachagua kitu.

Wifi yake alikuwa sakafuni, miguu ameinyosha, mtoto amelala juu ya miguu hiyo akikandwa mafuta ya ufuta. Chetezo cha makaa kilikuwa pembeni kikitoa moshi wa mbegu za dawa. Pembeni yake palikuwa na sahani ya ladu za gundi ya mti na nazi, vitamu wanavyopewa waliojifungua.

"Karibu, wifi. Kula ladu. Hizi zikiendelea kuja nitakuwa ngoma."

Kumud alikaa. Hakugusa ladu. "Nimekuja na neno moja, wifi yangu, na ninaogopa."

"Wewe uogope neno?" Wifi yake alicheka. "Basi leo jua limechomoza mtoni."

Alimwambia. Alisema taratibu, bila kupamba: "ruj" ni nini, ruja ni nini, nani wanalitumia. Mikono iliyokuwa ikikanda ikapunguza mwendo, kisha ikasimama. Mtoto alilalamika kidogo, akapigwapigwa mgongoni, akanyamaza.

"Maradhi," wifi yake alisema.

"Ndiyo."

"Mwanangu ni maradhi."

"Mwanao ni baraka. Ndiyo maana nimeshindwa kulala."

"Unajua kwa nini nilitaka 'Ru', wifi?" Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Kumud. "Tangu mama afe, hakuna mtu duniani anayeniita jina langu. Hakuna. Nikifa leo mtamchoma Vasudha, Rupali hatajulikana alikwenda wapi. Nikasema basi, nimrithishe mwanangu herufi moja. Moja tu! Nyingine zote mlizifukia kwenye mchele. Nawe umekuja kuichukua na hiyo."

Kumud alikuwa na majibu. Miaka yote darasani alikuwa na majibu. Safari hii aliyaacha yapite.

"Siku ile ya sinia nilikukosea," alisema. "Nilimkosea na mama yako. Nililipima jina lako kama la kitabuni, kumbe lilikuwa la mtu. Hakuna aliyenituma. Nisamehe, Rupali."

Wifi yake aligeuza uso ukutani. Chetezo kilirusha cheche.

"Umesemaje?"

"Nimesema nisamehe, Rupali."

Mtoto alipiga chafya kwa sababu ya moshi, na wote wawili wakasema kwa pamoja, "Uishi miaka mia."

"Sikuleta jina jingine," Kumud alisema akiinuka. "Sitachagua. Wewe ndiye mama. Siku hiyo ukiniambia ninong'one Ruja, nitanong'ona Ruja, na kila asubuhi nitamwomba Mungu alisikie kwa maana yako, si kwa maana yangu."

Alipofika mlangoni aliitwa.

"Wifi. Ile 'ja' ya Girija. Uliwahi kuwaeleza wale wageni, nikiwa napeleka chai. Ulisema ni nini?"

"Ni aliyezaliwa na. Aliyezaliwa na mlima."

"Haya. Nenda. Mtoto anataka kuoga."

Hakuitwa tena. Siku zilizobaki aliona Jayant akipita na maua ya njano kwa vikapu, akipiga misumari, akipiga mluzi. Jioni ya mwisho alichungulia ukumbini akaona ukutani, juu ya susu, herufi kubwa za maua, kwa maandishi ya kwao ambayo silabi nzima ni herufi moja: Ruja. Alirudi chumbani akaikunja sari ya kijani, akaikunjua tena. Alisali, akaivaa.

Wanawake walijaa. Ngano ya kuchemsha ilikuwa tayari kugawiwa, na tangawizi kavu iliyosagwa na sukari ilikuwa ikizunguka katika bakuli. Bi Anusuya alikuwa amejiweka karibu kabisa na susu, mahali pazuri pa kupiga ngumi. Wanawake wawili walipokezana mtoto juu ya susu na chini yake kama ilivyo desturi, wakiimba kwa majina ya Mungu, "Mpokee Govinda, mpokee Gopala," na mtoto akashangaa dunia inavyozunguka. Kisha akalazwa.

"Shangazi! Shangazi yuko wapi?"

Kumud alisogea. Alimtazama wifi yake, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa susu katika sari nyekundu, shada la asumini kichwani.

"Nipe sikio kwanza," wifi yake alisema mbele ya watu wote. "Hutaki kujua cha kunong'ona?"

"Jina si tunalo ukutani?" Jayant alisema kutoka mlangoni, alikorundikana na wanaume.

"Wewe nyamaza, leo si siku yako."

Wanawake walicheka. Kumud aliinama juu ya susu, na wifi yake akainama kutoka upande wake, wakakutana juu ya mtoto. Pumzi ya asumini na mafuta ya ufuta. Neno moja. Kumud alifumba macho. Aliligeuza neno lile kama alivyozoea, akaangalia chini yake, na halikuwa na doa.

Akazidi kuinama mpaka midomo ikagusa sikio dogo lenye joto, akafanya ile sauti ya kuunguruma ya kumchekesha mtoto, akanong'ona. Papo hapo ngumi zikashuka. Walimpiga kweli, na Bi Anusuya alimpiga kwa madeni ya miaka. Lakini ngumi moja ilizidi zote, katikati ya mabega, na Kumud alijua bila kugeuka ni ya nani: ilitoka ng'ambo ya susu.

"Basi! Mtaniua! Nina umri mimi!"

"Litaje! Litaje kwanza!"

Alinyanyuka, nywele zimetimka, machozi yanamtiririka kwa kucheka au kwa kitu kingine. "Anaitwa Rupaja," alisema. "Aliyezaliwa na Rupa."

"Rupa ni nani?" aliuliza mwanamke mmoja nyuma, aliyehamia mtaa huo si zamani.

"Huyu hapa," Kumud alisema, akamshika wifi yake mkono na kuunyanyua kama wa mshindi. "Rupali. Mama yake alimwita hivyo, nasi tutamwita hivyo."

"Na mimi je?" Jayant alilia. "'Ja' yangu?"

"'Ja' yako ipo palepale nyuma, ulipozoea," mkewe alimwambia. "Sasa lete kiti, uongeze herufi ukutani."

Ikabidi apande. Alikopa maua kwenye mashada ya wageni, akaibana "pa" katikati ya "ru" na "ja". Ikakaa upande, imeinama kama mtu aliyechelewa kupata nafasi ya kukaa. Wageni walishangilia. Kumud aliitazama. Aliona "ru" ile ina mkia mfupi, na katika neno rupa mkia wa herufi huwa mrefu, maana sauti yake huvutwa. Alikaza midomo. Akachukua bakuli la ngano akaanza kugawa.

"Sema tu, wifi," Rupali alimwambia pembeni, mtoto begani. "Naona koo linakuwasha."

"Hakuna kitu."

"Sema."

"Mkia wa 'ru'," Kumud alisema kwa sauti ndogo. "Ungekuwa mrefu kidogo."

Rupali alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akageuka kwa mumewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye kiti akijifuta jasho.

"We, sikia! Panda tena."

"Nani anasikia?" Jayant alisema. "Mimi nina jina. Niite."

"Jayant, panda tena."

Alisimama kidogo, mguu mmoja juu ya kiti, kama anayeonja kitu. "Haya, Rupali," alisema, akapanda.